Kutoka Bwera hadi Chumba cha Mtihani

Mwaka 1984 Charles Wesley Mumbere aliondoka Uganda kwenda Marekani kwa ufadhili wa serikali. Miaka miwili kabla ya hapo, Agosti 1982, alikuwa ameshuka kutoka milima ya Rwenzori na watu wake na kuweka silaha chini, baada ya uasi uliodumu miaka 20. Alikuwa mfalme wa Rwenzururu tangu 1966, aliporithi nafasi ya baba yake akiwa bado mvulana. Huko Marekani alijiunga na chuo cha biashara. Julai 1985 serikali ya Rais Obote, iliyokuwa ikimfadhili, ikapinduliwa, Januari 1986 ikaingia nyingine, na fedha za masomo zikakatika. Mumbere akajifunza uuguzi msaidizi, akawahudumia wazee katika nyumba za kulelea, kwanza kando ya Washington, kisha Harrisburg katika jimbo la Pennsylvania. Alirudi Kasese mwaka 2009, serikali ilipoutambua ufalme wake.

Wanaosimulia habari hii hupenda kukaa kwenye taji na kwenye kazi ya kuwaosha wazee. Mimi nakaa kwenye chuo cha biashara. Mtu aliyekulia msituni, katika dola iliyotangazwa na baba yake juu ya mlima, alipopewa nafasi ya kusoma alielekea kwenye biashara. Wala uchaguzi huo haukuwa wa ajabu kwa mtu wa Kasese. Wilaya hii ina chumvi ya Katwe, samaki wa ziwa Edward, pamba ya bondeni, kahawa ya milimani na mpaka wa Mpondwe, ambako Bwera hutazamana na Kasindi ya Congo na watu wa pande zote mbili huelewana kwa Kikonzo na kwa Kiswahili. Biashara ipo tangu zamani. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni njia ya kuifikia elimu yake, na njia hiyo ilipita kwenye mtihani wa kuandika.

Turudi nyuma kidogo. Desemba 1858 Chuo Kikuu cha Cambridge kilifanya mitihani yake ya kwanza kwa wanafunzi wa shule nje ya chuo. Watahini walisafiri kwa treni hadi miji kadhaa ya Uingereza, wamevaa majoho, mkononi wamebeba sanduku la karatasi za maswali lililofungwa kwa kufuli. Ndani ya muongo uliofuata sanduku hilo lilivuka bahari hadi Trinidad. Wazo lililobebwa humo lilikuwa jipya kwa Uingereza ya wakati huo: kijana wa mbali, asiyejulikana na mtu yeyote chuoni, apimwe kwa swali lilelile analopimwa mtoto wa mkubwa, na msahihishaji asijue jina lake. China ilikuwa imelitumia wazo hilo kuchagua maofisa kwa karne nyingi, ikaacha mwaka 1905. Waingereza walilipeleka katika makoloni yao, na ndivyo lilivyofika Uganda.

Makerere ilianza mwaka 1922 na wanafunzi 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Ilipopanda ngazi na kupokea vijana kutoka Tanganyika, Kenya na Zanzibar, iliweka mtihani wake wa kuingilia. Julius Nyerere alitoka Tabora akaingia Makerere mwaka 1943. Mwai Kibaki alitoka Mang'u akaingia hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950, akasoma uchumi. Kwa kizazi hicho kufaulu mtihani wa Makerere lilikuwa jambo la kijiji kizima.

Watoto wa Bwera walikuwa wapi? Kabla ya kuufikia mtihani wa Makerere mtoto alitakiwa apite shule ya msingi, kisha shule ya kati, kisha sekondari. Wakonzo na Waamba, wenyeji wa Rwenzori, walikuwa wametiwa ndani ya ufalme wa Toro kwa mkataba wa mwaka 1900, na mpaka wa mwaka 1910 baina ya Waingereza na Wabelgiji ukawakata ndugu zao upande wa Congo. Shule kubwa, kama Nyakasura iliyoanzishwa mwaka 1926, zilikuwa karibu na Fort Portal, makao ya Watoro. Mtoto wa Kikonzo aliyeanza darasa la kwanza alifundishwa kwa Kitoro, ambacho kwao hakizungumzwi, na aliyefika mbele alikuta nafasi za ufadhili zikipita mikononi mwa serikali ya Toro. Kwa hiyo mtihani usiotazama jina ulikuwepo, lakini mlango wa kuufikia ulilindwa na watu waliotazama jina kwanza.

Isaya Mukirane, baba yake Mumbere, alikuwa mwalimu wa shule. Naliona hilo kuwa jambo zito katika historia hii. Mwalimu ndiye anayejua ni mtoto gani mwenye akili aliyekwama, na amekwama wapi. Mwaka 1954 alishiriki kuanzisha chama cha kutafiti historia ya Wakonzo pamoja na Mwingereza kijana, Tom Stacey. Baadaye alichaguliwa kuingia baraza la Toro, ambamo madai ya wilaya tofauti yalikataliwa. Mwezi Machi 1962 yeye na wajumbe wenzake wa Kikonzo na Kiamba walitoka nje ya baraza hilo. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo, miezi michache kabla ya Uhuru, Rwenzururu ikatangazwa. Miongoni mwa malalamiko yao, shule na lugha ya kufundishia vilikuwa juu kabisa. Dola ile ya milimani ilikusanya kodi yake, ikaendesha mahakama zake, na ilifungua shule zake. Vyeti vya shule hizo havikutambuliwa na mtahini yeyote wa Kampala wala wa Cambridge. Watoto walijua kusoma, lakini karatasi ya kuwaingiza chuoni hawakuwa nayo.

Huku bondeni mambo yalikwenda kwa kasi nyingine. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huo mgodi wa shaba wa Kilembe ukaanza uzalishaji. Mgodi unahitaji wachimbaji, na pia unahitaji watunza stoo, makarani wa mishahara na wahasibu. Vyama vya ushirika vya pamba navyo vilihitaji mtu wa kupima marobota na kuandika daftari ambalo mkaguzi atalielewa. Kasese ikawa mji wa watu waliokuja kutoka kila upande kwa sababu ya kazi hizo za kalamu na za sururu. Kijana wa Bwera aliyeshuka kutafuta kibarua aliwaona waliokaa upande wa ndani wa dirisha la mishahara, na aliona kwamba kilichowaweka huko ni cheti. Serikali ya Amin iliutaifisha mgodi mwaka 1975, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa umekufa.

Katika miaka hiyo mitihani yenyewe ilipata wasimamizi wapya. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967 lichukue kazi ya Cambridge. Tanzania ilijitoa mwaka 1971 na kuunda baraza lake mwaka 1973, Kenya ikaunda lake mwaka 1980, na Uganda ikapata lake, UNEB, kwa sheria ya mwaka 1983. Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka mwanafunzi afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na milango ikafunguliwa kwa watu wazima wenye uzoefu. Uganda nayo ina mlango wa aina hiyo, na kwa maoni yangu ndio unaowafaa zaidi watu wa Bwera, kwa hiyo nitakaa nao kidogo baadaye.

Kwanza njia ya kawaida. Chuo cha Biashara cha Nakawa na Kitivo cha Biashara cha Makerere viliunganishwa mwaka 1997 kuwa Shule ya Biashara ya Makerere, ambayo Waganda wote huiita MUBS. Kijana anayetoka kidato cha sita hafanyi mtihani mwingine ili aingie humo. Matokeo yake ya UNEB ndiyo mtihani wa kuingilia, na hesabu yake wazazi wengi hawajawahi kuelezwa. Alama A huhesabiwa 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2 na O ni 1. Kisha kila somo huzidishwa kulingana na kozi iliyoombwa: masomo ya lazima mara 3, yanayohusiana mara 2, ya ziada mara 1. Tuchukue msichana wa Kasese mwenye B ya uchumi na C ya hesabu, masomo yake ya lazima, C ya jiografia kama somo linalohusiana, na pointi 1 ya karatasi ya jumla. Anapata 15, 12, 8 na 1, jumla 36. Tangu mwaka 1990 wasichana huongezewa pointi 1.5, hivyo anafika 37.5. Alama hizohizo zikipelekwa kwenye kozi ambayo jiografia ndiyo ya lazima, au ambayo hesabu haina uzito, jumla inageuka. Ndiyo maana wawili waliokaa dawati moja na kupata herufi zilezile, mmoja huitwa chuoni na mwingine hukaa nyumbani akidhani ameonewa. Wa kwanza alielekezwa namna ya kujaza fomu. Shule za Kampala huwa na mwalimu anayeijua kazi hiyo kwa moyo. Mwaka 2005 serikali ilileta mgao wa nafasi za ufadhili kwa kila wilaya, hatua ambayo wazee waliotoka barazani mwaka 1962 wangeielewa mara moja.

Sasa ule mlango wa watu wazima. Mwombaji awe na miaka 25 au zaidi. Hahitaji kuwa amefaulu kidato cha sita. Hufanya karatasi mbili: moja ya kupima uwezo wa kufikiri na kuelewa, nyingine ya fani anayotaka kuisoma, na anatakiwa apate angalau nusu ya alama. Hebu mfikirie mama anayenunua kahawa milimani na kuiuza mjini, au kijana anayebadilisha shilingi na faranga pale Mpondwe. Hesabu ya asilimia anaijua kuliko mwanafunzi wa kidato cha sita, kwa sababu akikosea analala njaa. Bei inapopanda Kasindi anajua sababu kabla ya redio. Yanayomwangusha ni mambo mawili. La kwanza ni Kiingereza cha karatasi: anauza kwa Kiswahili, anahesabu moyoni kwa Kikonzo, na swali linamjia kwa lugha ambayo hakuitumia tangu alipoacha shule. La pili ni ugeni wa swali lenyewe. Hilo la pili linatibika kwa wiki chache za mazoezi, na inaniuma kuona watu wazima wenye akili wakikata tamaa kwa jambo dogo hivyo.

Nitaonyesha ninachosema. Mtihani maarufu kuliko yote ya kuingilia shahada ya uzamili ya biashara duniani ni GMAT. Ulizaliwa mwaka 1953, vyuo tisa vya Marekani, vikiwemo Harvard, Columbia na Chicago, vilipokubaliana kuwa na mtihani mmoja badala ya kila chuo kutunga wake. Ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1954. Tangu 1997 hufanywa kwa kompyuta inayobadilisha ugumu wa maswali kufuatana na majibu ya mtahiniwa. Mtihani huo una aina ya swali ambalo haliulizi jibu. Linauliza kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata jibu. Tuliandike kwa mazingira ya Bwera:

Masereka alinunua kahawa Kyarumba akaiuza Mpondwe. Je, alipata faida baada ya kulipa nauli? Taarifa ya kwanza: kila kilo aliiuza kwa bei iliyozidi bei ya kununulia kwa asilimia 10. Taarifa ya pili: nauli ilikuwa shilingi 40,000, na hakuwa na gharama nyingine.

Mwanafunzi aliyezoea mitihani ya shule hukimbilia kukokotoa. Hapa hakuna cha kukokotoa. Taarifa ya kwanza peke yake haitoshi, kwa sababu nauli haijulikani. Ya pili peke yake haitoshi, kwa sababu haisemi lolote juu ya bei. Ukiziweka pamoja bado hazitoshi: kama alinunua kahawa ya shilingi 300,000, asilimia 10 ni 30,000, nauli inammeza na amepata hasara ya 10,000. Kama alinunua ya 600,000, anabaki na 20,000. Jibu sahihi ni kwamba taarifa zote mbili hazitoshi. Mchuuzi wa Mpondwe huuliza swali hilo kila siku anapoambiwa kuna bei nzuri mahali fulani: nzuri, lakini mzigo ni kiasi gani, na gari ni shilingi ngapi? Hajawahi tu kuliona limeandikwa na kupewa herufi tano za kuchagua.

Kwa miaka mingi GMAT ilikuwa pia na insha. Iliingizwa mwaka 1994, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake ilimtaka mtahiniwa asome hoja fupi ya kibiashara na kueleza udhaifu wake. Kwa mfano: mauzo ya chumvi yalipanda mwaka ambao duka lilipakwa rangi mpya, kwa hiyo kila duka mjini lipakwe rangi ili liuze zaidi. Wengi waliandika kama wanakubali au wanakataa. Msahihishaji alitafuta jambo lingine: je, mwandishi ameona kwamba mwaka huohuo mpaka ulifunguliwa? Ameuliza kama duka moja linaweza kuwasemea yote? Nilikuwa naipenda sehemu hii kwa sababu haikudai maarifa ya kitabu. Mzee anayesikiliza shauri barazani hufanya kazi hiyohiyo: anapima kama ushahidi unabeba hukumu. Mwisho wa mwaka 2023 GMAT ilipofupishwa, insha iliondolewa pamoja na jiometri. Umebaki mtihani wa maswali 64 kwa saa 2 na dakika 15, wa sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu, lugha, na ufahamu wa takwimu, ambako swali kama lile la kahawa ya Masereka lilihamia.

Mazoezi hufundisha sura ya swali, lakini hayatoi amani, na Kasese imeikosa amani mara nyingi. Novemba 1996 waasi wa ADF waliingia kupitia Mpondwe na Bwera, na kwa miaka iliyofuata familia za milimani ziliishi kambini na shule zikafungwa. Juni 1998 waliwachoma moto wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakiwa mabwenini. Novemba 2016 ikulu ya mfalme mjini Kasese ilishambuliwa na majeshi ya serikali, zaidi ya watu 100 wakafa, na Mumbere akakamatwa. Mashtaka yake yalifutwa Juni 2023. Siku chache tu baada ya kufutwa, usiku wa tarehe 16 mwezi huohuo, waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Katikati ya hayo mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013 na tena 2020, na korona ikafunga shule za Uganda, kabisa au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022. Anayesoma orodha ya matokeo na kusema watoto wa Kasese hawakazani, na aiweke kalenda hii kando ya orodha hiyo.

Halafu umbali. Bwera ipo kiasi cha kilomita 50 kutoka mji wa Kasese, na Kasese ipo zaidi ya kilomita 300 kutoka Kampala. Anayetaka kufanya GMAT kituoni huenda Kampala, akiwa na pasipoti na ada inayozidi dola 250, mbali na nauli na malazi. Anaweza kuufanya nyumbani kwa intaneti, ila kompyuta ikizimika katikati kwa kukatika umeme, saa haimsubiri. Matokeo hudumu miaka mitano, kwa hiyo nawashauri wanaoweza waufanye mapema wakiwa bado wanakumbuka hesabu, hata kama ada ya chuo haijapatikana.

Umbali wa kuufikia mtihani wa watu wazima, tofauti na wa GMAT, ni jambo linaloweza kurekebishwa hapahapa Uganda. Kila mwaka UNEB hufikisha karatasi za darasa la saba na za sekondari hadi Kasese. Hukaa kituo cha polisi katika makontena yaliyofungwa, alfajiri husambazwa hadi shule za milimani, nyingine zikibebwa kwa pikipiki pale gari lisipopanda, na jioni majibu hurudi yamefungwa. Utaratibu huo unaendelea hata mvua ikibomoa barabara. Vyuo vikuu vya Kampala vinavyotahini watu wazima wanaotaka kusoma biashara vingeweza kukubaliana na UNEB kutumia njia hiyohiyo mara moja kwa mwaka: chumba kimoja mjini Kasese, kingine Bwera, karatasi mbili, siku moja, na tarehe itangazwe redioni kwa Kikonzo na Kiswahili miezi mitatu kabla, pamoja na mifano ya maswali ya mwaka uliopita.